Siku Tafi Alipochukuliwa na Maji: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mkomani

Saa saba na dakika 20 mchana, Jumanne ya wiki ya pili ya kambi yetu ya likizo ya Agosti, mvulana wa miaka 15 alikuwa amesimama ukingoni mwa gati dogo la Mkomani, ng'ambo ya Mji wa Kale wa Mombasa, amejizungushia waya wa mtandao kiganjani mara mbili. Upande wa pili wa waya, chini ya maji, kulikuwa na roboti ndogo ya mabomba ya plastiki ambayo vijana walikuwa wameipa jina la Tafi. Maji yalikuwa yakijaa, yakiingia kwa nguvu kuelekea Tudor. Mashua moja iliyofungwa kwenye boya karibu na gati ikageuka taratibu kuufuata mkondo, tezi yake ikaupitia ule waya, na waya ukakaza. Nahodha wa boti yetu ya usalama ndiye aliyeona kabla yetu sote.

"Wachia, mwanangu! Wachia waya!"

Kijana hakuachia. Kwa siku saba tulikuwa tumemfundisha kwamba mshika waya haachii waya, hata iweje. Nahodha aliruka gatini, akamkamata mkono, na kwa mkono wake mwingine akaukata waya kwa kisu cha chambo. Kiganjani ilibaki mistari miwili myekundu iliyovimba jioni ile na kupoa baada ya siku nne. Tafi tulimpata saa kumi, maji yaliposimama, ananing'inia kwenye usukani wa ile mashua.

Mimi ndiye niliyesimamia ufundi wa kambi. Nimetengeneza umeme wa meli kwa miaka mingi, na nilipokubali kuwafundisha vijana hawa nilijua ninachotaka wapate: watoto wanaoiona bahari kila siku wajue kuwa kuna kazi ndani yake zaidi ya kuvua na kupakua makontena. Mji huu una bandari ya Kilindini. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika hapa mwaka 2009. Kuna miamba ya kulindwa katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1986, kuna nguzo za magati, kuna minyororo ya maboya. Vyote hivi vinahitaji mtu wa kushuka kuvikagua, au chombo cha kushuka badala yake. Hilo bado naliamini vilevile. Lakini siku ile nilifanya kosa ambalo karibu limpotezee kijana mmoja vidole na limvunje moyo msichana mmoja, na kosa lenyewe halikuwa pale nilipolitafuta kwanza.

Kambi ilikuwa ya wiki mbili, vijana 16 wa miaka 14 hadi 17, kutoka Likoni, Mtongwe, Majengo, Kisauni, Changamwe na Tudor. Watano hawakujua kuogelea, jambo ambalo wageni hulistaajabia kwa watu wa pwani, nasi tukalishughulikia kwa majaketi ya kuokolea na asubuhi tatu za mafunzo bwawani. Mtindo wa kazi ulitoka Marekani. Mwaka 2003, MIT Sea Grant, kitengo cha mambo ya bahari cha chuo kikuu cha MIT, walianzisha programu inayoitwa SeaPerch, kwa ufadhili wa ofisi ya utafiti ya jeshi la wanamaji la nchi hiyo, ili wanafunzi wa shule waunde kwa mikono yao roboti ya majini ya bei ndogo: fremu ya mabomba ya plastiki, mota tatu ndogo, betri ya volti 12 inayobaki nchi kavu, na waya mmoja mrefu wa kupeleka umeme chini. Mota mbili humsukuma mbele na kumgeuza, ya tatu humpandisha na kumshusha. Ni mpango mzuri kweli. Mtoto anajifunza kukata, kulehemu, kupima na kukosea kwa gharama anayoimudu.

Vikundi vilikuwa vinne na roboti nne, ila Tafi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumalizika na ndiye tuliyemchagua kwenda baharini. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kweli: kushuka mita 6, kuufuata mnyororo wa boya la kufungia boti, na kurudi na picha. Siku ya kwanza wapo waliouliza kama angeweza kwenda kutazama ile meli ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama chini ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 wakati ngome imezingirwa, na ambayo wapiga mbizi waliifukua kati ya mwaka 1977 na 1980. Kutoka gatini kwetu ngome inaonekana. Niliwaambia hapana, lile ni kaburi la meli lenye ulinzi wake, na kina chake ni mara mbili ya uwezo wetu na zaidi. Lakini nilifurahi kuona wanavyoyatazama maji yale. Walikuwa wameanza kuyaona kuwa na sakafu.

Nilisimulie kidogo suala la kuziba mota, maana ndilo lililozaa dhuluma. Mota ndogo ya umeme ikipata maji ya chumvi ndani, imekwisha. Katika mpango wa asili huwekwa ndani ya kikopo kidogo na kuzungushiwa nta laini. Sisi tulitumia vichupa vya dawa, na nta ya aina ile hatukuipata madukani. Tulijaribu mshumaa mtupu, ukapasuka ulipopoa. Hapo ndipo msichana mmoja wa Mtongwe, miaka 16, ambaye tangu mwanzo alisema machache, akauliza kama anaweza kuchanganya. Babu yake ni fundi wa mashua. Alikua akimtazama akitia kalafati, pamba ikishindiliwa kati ya mbao kwa tindo isiyo kali, na akijua kwamba kinachoziba lazima kibaki laini kidogo, kwa sababu mbao hunywa maji na kusogea. Akayeyusha mshumaa, akaongeza mafuta mazito ya kujipaka kidogo kidogo, akawa anajaribu kwa kucha. Mara ya nne akasema, "Hii." Kichupa kimoja tulikizamisha ndani ya ndoo usiku kucha na kikatoka kikavu. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyeziba mota zote 12 za kambi.

Bwawani Tafi alifanya kila alichoombwa. Alivuka mita 5 kwa sekunde 20, akageuka, akazama mita 2, akaokota pete ya chuma. Watoto walishangilia mpaka mlinzi wa hoteli akaja kutazama. Nilipiga picha, nikawapelekea waandalizi, wakajibu kwamba Jumanne wageni wao watakuja saa saba, baada ya chakula, kuona jaribio la baharini.

Asubuhi ya Jumanne, tukipakia vifaa, yule msichana alinikaribia.

"Mwalimu, leo mwezi ni kumi na sita."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Maji ni ya bamvua. Saa saba yatakuwa yanavuta sana."

Nikamwambia, "Sawa, tutaona tukifika," nikaendelea kuhesabu betri. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi. Sikumkatalia. Nilifanya jambo baya zaidi ya kumkatalia: nilimsikia kama mtu anavyosikia salamu.

Gatini, la kwanza lilikuwa dogo. Tafi, ambaye bwawani alikuwa akining'inia katikati ya maji bila kupanda wala kushuka, sasa alielea juu kama dafu. Hilo tulilitarajia: lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kama gramu 1,025, ya maji baridi gramu 1,000, na Tafi mzima alikuwa anachukua nafasi ya lita 4. Ziongeze chubwi za gramu 100, kwisha. Kikundi kilifanya hesabu hiyo kwenye kipande cha boksi na kikaifunga chubwi chenyewe. Wageni walipendezwa.

Kisha tukamwachia waya wa mita 15. Alishuka mita moja, mbili, na picha kwenye skrini ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Rubani wetu, msichana wa Majengo, akabonyeza mbele. Tafi akaenda nyuma. Akabonyeza mbele na kushikilia. Mota zilisikika zikinguruma kwa unyonge kupitia waya, kama mtu anayesema ndani ya mto wa kulalia, na Tafi akazidi kwenda nyuma, akienda ubavu, akielekea iliko ile mashua. Wageni wakanigeukia. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote: "Mota zimeingia maji."

Kila kijana pale alijua nani aliziba mota. Walimtazama. Yeye akatazama chini. Dakika mbili baadaye yakatokea yale ya mkono na kisu.

Jioni ile nilibaki karakana na vijana watatu waliokataa kwenda nyumbani. Tulimpasua Tafi. Kichupa cha kwanza: kikavu. Cha pili: kikavu. Cha tatu tulikifungua pole pole sana, nadhani kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameanza kuona aibu. Kikavu, nta nyeupe haina hata ufa. Tukaziunganisha mota kwa betri juu ya meza, zikazunguka kwa nguvu zote. Basi nguvu zilipotelea wapi?

Jibu la kwanza lilikuwa kwenye fani yangu mwenyewe, na lilinichoma. Waya wa mtandao ni mwembamba. Kila mita ya uzi wake mmoja ina ukinzani, yaani kipimo cha inavyouzuia umeme, wa karibu omu 0.08. Bwawani tulitumia waya wa mita 5, na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 10: omu 0.8. Ampea 2 zikipita hapo, unapoteza volti moja na nusu na kidogo, mota inabaki na zaidi ya 10, nayo inafanya kazi vizuri. Gatini tulitumia mita 15, maana yake mita 30 za kwenda na kurudi: omu 2.4. Mota inavuta ampea pungufu kidogo, lakini karibu volti 4 zinaishia njiani zikipasha waya joto. Tulifunga waya mpya wa urefu uleule, tukapima kwenye miguu ya mota: volti 8. Kisha tukamfunga Tafi kwenye mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki, ndani ya pipa kubwa la maji. Kwa waya mfupi alivuta gramu 400. Kwa waya mrefu, gramu 250. Hii ni hesabu ya mwaka wa kwanza wa fundi umeme. Nilikuwa nimeongeza waya mara tatu bila kuifanya, kwa kuwa Tafi alinipendeza bwawani.

Ningeweza kuishia hapo na kuandika ripoti: chanzo, upungufu wa volti, suluhu, waya mnene. Ripoti nyingi nilizowahi kuzisoma kazini huishia hapo, kwenye chanzo cha kwanza chenye tarakimu. Mmoja wa wale vijana watatu, aliyekuwa anaosha fremu, akasema, "Lakini mwalimu, hata angekuwa na zile 400, angeshinda yale maji?"

Tulihitaji kujua yale maji yalikuwa na kasi gani. Jumatano tulirudi gatini saa nane na dakika kumi, kwa sababu maji hurudi karibu dakika 50 baadaye kila siku, na hilo sasa nilikuwa nimeanza kulikumbuka. Tulipima mita 10 ukingoni, tukatupa dafu tupu, tukahesabu. Sekunde 20. Nusu mita kwa sekunde. Kasi kubwa kabisa ya Tafi bwawani, akiwa na nguvu zote na hakuna kinachompinga, ilikuwa robo mita kwa sekunde. Jumanne tulikuwa tumemtuma mtoto apande mto unaokwenda mara mbili ya mbio zake. Na upinzani wa maji haukui kwa kipimo kimoja na kasi: kasi ikiwa mara mbili, maji hukuzuia mara nne.

Kuna kilichotushangaza zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndicho kitu nilichojifunza mimi nikiwa na mvi. Sote tulikuwa tunamtazama Tafi. Hakuna aliyeutazama waya. Waya una unene wa milimita 6. Ukiwa na mita 10 majini, zidisha: ni sentimita za mraba 600 zinazosimama mbele ya mkondo. Fremu ya Tafi, ambayo ni mabomba tu na uwazi mwingi, vijana waliipima mbele ikawa kama sentimita za mraba 300. Yaani waya ulikuwa mkubwa kuliko roboti, mara mbili. Kwa mkondo ule, waya peke yake ulikuwa ukivutwa kwa nguvu ya karibu kilo moja, na mota zetu zilikuwa na robo kilo. Ile suluhu ya waya mnene, ambayo ningeiandika usiku uliotangulia nikaenda kulala, ingempa Tafi volti na papo hapo kumfunga nanga.

Alhamisi asubuhi, kabla ya somo, niliwasimamisha wote. Nikaviweka vichupa vitatu juu ya meza, vimefunguliwa. Nikamwambia yule msichana wa Mtongwe mbele ya wenzake kwamba nilimsingizia, kwamba kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu, na kwamba asubuhi ya Jumanne aliniambia ukweli nami sikumsikiliza. Akasema, "Hakuna neno, mwalimu." Sikutaka liishie kwenye hakuna neno. Nikampa chaki nikamwomba atufundishe maji.

Alianza kwa sauti ndogo. Mwezi ukiandama, na ukiwa kamili, maji huwa ya bamvua: hupwa sana na kujaa sana, na siku zake kali ni mbili tatu baada ya hapo. Mwezi ukiwa nusu, kwenye saba na nane, na tena ishirini na mbili na ishirini na tatu, ni maji mafu, hayendi mbali wala hayavuti. Siku za bamvua hapa Mombasa maji hupwa asubuhi kama saa nne, watu wakashuka mwambani kutafuta pweza, na hujaa jioni kama saa kumi. "Kwa hiyo saa saba ni katikati ya safari," akasema. "Ndipo maji yanapokimbia." Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo maji hujaa na kusimama, na yanakuwa meupe kwa sababu yametoka nje, hayajatoka kwenye mikoko.

Nilichoongeza mimi kilikuwa tarakimu tu. Mabaharia hugawa safari ya maji katika sehemu 12 kwa saa sita: saa ya kwanza sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, kisha mbili, kisha moja. Bamvua la hapa hupanda kwa mita 3 na zaidi. Robo yake, sentimita 75 au zaidi, huingia kwa saa moja tu ya katikati, na maji yote ya kujaza hori la Tudor hupita kwenye mlango ule tuliokuwa tumesimama. Hesabu yangu na ya babu yake zilikuwa kitu kimoja. Tofauti ni kwamba yake alikuwa nayo Jumanne asubuhi, yangu niliikumbuka Jumatano.

Jumamosi nilivuka Likoni nikaenda Mtongwe kumwona mzee mwenyewe. Niliona ni haki asikie kutoka kwangu. Alikuwa chini ya mkungu, kando ya dau lililoinuliwa juu ya magogo. Shikamoo, marahaba, nikapewa kigoda. Nilimweleza yote. Akanisikiliza akiendelea kusokota pamba, kisha akauliza jambo moja.

"Hiyo saa saba, mwanangu, mlimuuliza nani?"

Hatukuwa tumemuuliza mtu. Saa saba ilitokana na chakula cha wageni. Na nilipokuwa narudi kwenye feri niliona swali lake ni pana kuliko saa. Kambi yenyewe ilikuwa Agosti kwa nini? Programu tulizoiga hufanywa kati ya Juni na Agosti kwa sababu ndicho kiangazi chao, maji yao yana joto na shule zao zimefungwa. Kwetu Agosti ni kusi. Bahari imechafuka, maji yana mchanga, mashua ndogo nyingi hukaa ndani ya mwamba. Tumechukua programu nzuri pamoja na majira yake, na majira hayo si ya kwetu. Shule zetu zina likizo nyingine, ndefu zaidi, Novemba na Disemba, wakati kusi limekwisha na kaskazi linaanza, bahari ikiwa tulivu. Agosti ingefaa kabisa kwa karakana: kukata, kulehemu, kuziba, bwawa. Disemba iwe ya bahari. Nimewaandikia waandalizi hivyo. Wamesema bajeti yao hufungwa Septemba. Naelewa mambo ya bajeti, lakini sikubali kwamba yapangie watoto siku ya kuingia majini, na nitawaandikia tena.

Vyeti vilikuwa vimetolewa Ijumaa. Kambi ilikuwa imekwisha. Lakini Jumanne iliyofuata, mwezi ishirini na tatu, vijana tisa walikuja Mkomani kwa nauli zao saa mbili na nusu asubuhi, na nahodha akaja na boti bila kudai hata mafuta. Ratiba ilikuwa kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko wa msichana wa Mtongwe: kufunga boti saa tatu na nusu, kushusha saa nne kasorobo, kutoa majini saa nne na robo, kwa vyovyote.

Walikuwa wamebadilisha mambo matatu, na hakuna hata moja lililohitaji kununua mota kubwa. Badala ya kumtuma Tafi kutoka gatini, boti ilifungwa karibu na boya, upande mkondo unakotoka, ili ule kidogo uliobaki umpeleke kwenye mnyororo badala ya kumtoa. Kwa sababu hiyo waya ulipunguzwa kutoka mita 15 hadi 8, na volti zikarudi. La tatu lilitoka kwa yule kijana wa mkono, ambaye ami yake hutega malema: mwisho wa waya ulifungwa chelezo la ndara kuukuu, betri ikawekewa plagi inayochomoka yenyewe ikivutwa, na mshika waya haushiki tena kwa kuuzungusha. Anaulaza juu ya kiganja kilichofunguka. Ukivutwa, anauachia, chelezo linaelea, na Tafi anafuatwa baadaye. Ile amri yetu ya siku saba aliifuta yeye mwenyewe kwenye ubao, kwa mkono uliokuwa bado na alama.

Saa nne kasorobo maji yalikuwa yamekaribia kusimama. Ganda la dafu lilitembea mita moja kwa sekunde 20. Tafi akashuka. Mita 3, mita 4, kisha akaanza kuzama haraka kuliko alivyoamriwa, na rubani akalazimika kumpandisha mfululizo. Maboya yake yalikuwa ya sponji ya ndara, na kwenye mita 6 shinikizo ni mara 1.6 ya juu ya maji, sponji hubonyea na kupoteza nguvu ya kuelea. Hilo hatukuliwaza. Tulimvuta, tukapunguza chubwi gramu 60, tukamrudisha. Zikabaki dakika 14 za ratiba.

Maji yalikuwa meupe kama alivyosema. Mnyororo ulitokea kwenye skrini, pingili moja moja, umevaa majani na kome wadogo. Rubani alimshusha Tafi polepole sana, hakuna aliyesema neno. Karibu na chini, mahali mnyororo unapolala na kuinuka mchangani kila maji yanapopwa na kujaa, pingili tatu zilikuwa hazina majani. Ziling'aa. Ya kati ilikuwa imelika mpaka imebaki nyembamba kama kidole kidogo cha mtoto.

Nahodha aliinama akaitazama ile picha, akaomba irudishwe, akaitazama tena. Ile mashua iliyogeuka Jumanne iliyotangulia ilikuwa imefungwa hapohapo juu yetu. Akatoa simu akampigia mwenye mashua. Saa nne na robo Tafi alitolewa majini, na kabla ya adhuhuri mashua ilikuwa imehamishiwa boya jingine.